Bi. de Barjac na Dawa ya Mbu ya Kibaha

Ndugu wasikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya sifa. Si sifa za wanamuziki wala za wacheza mpira, ambazo sote tunajua zinavyokuja na zinavyokwenda. Nina maana ya sifa za wataalamu wa sayansi. Mtaalamu sifa zake anapewa na nani? Anapewa na sisi wananchi pamoja na magazeti na redio zetu, au anapewa na wataalamu wenzake wanaoijua kazi yake ndani na nje? Na pande hizo mbili zikipishana, mwenye mgonjwa nyumbani amsikilize nani?

Swali hili nimelipata hapa hapa Mkuza ninakoishi, katika Mji wa Kibaha. Mvua za masika zikishapita, huku kwetu kila shimo la mchanga, kila tairi bovu na kila nyayo ya ng'ombe hugeuka kuwa ziwa dogo, na jioni mbu wanatoka kama waliopigiwa kengele. Mzee mmoja jirani yangu, aliyekuwa anakata majani kando ya mfereji, alinisimamisha baada ya kumwamkia. "Mwanangu," akasema, "wewe unayesoma magazeti, hebu niambie. Hii dawa ya viluwiluwi inayotengenezwa hapa Kibaha, nani aliyeigundua? Wacuba?" Nikamjibu kwamba Wacuba walituletea ufundi, lakini kisa chenyewe ni kirefu na kimepita nchi nyingi. Akaweka panga chini akasema ana nafasi. Basi nilimsimulia, na leo nawasimulia na nyinyi.

Kiwanda chenyewe mnakifahamu. Ni cha Tanzania Biotech Products, kampuni iliyo chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, na kilijengwa kwa ushirikiano na Cuba kupitia shirika lao la Labiofam. Kilizinduliwa mwaka 2015, wakati Rais akiwa Jakaya Kikwete. Dawa inayotoka pale si sumu ya kemikali kama DDT. Ni bakteria, wadudu wadogo sana wasioonekana kwa macho, wanaokuzwa katika mapipa makubwa kama pombe inavyochachushwa, halafu wanatiwa kwenye chupa na kumwagwa katika maji yenye mazalia ya mbu.

Bakteria mkuu katika kazi hiyo anaitwa Bacillus thuringiensis, na ukoo wake mmoja ambao ndio unaoua mbu unaitwa israelensis. Jina hilo la pili linaeleza ulikopatikana. Mwaka 1976, katika jangwa la Negev kule Israeli, mtaalamu aitwaye Yoel Margalit alikuta kidimbwi kimejaa viluwiluwi vilivyokufa na vingine vikiwa mahututi. Akachota maji na matope, akaenda kupima pamoja na mwenzake Goldberg, na mwaka 1977 wakatangaza kwamba wamepata kitu.

Lakini kupata kitu na kujua umepata nini ni mambo mawili. Bakteria wa jamii ya thuringiensis walikuwa wakijulikana tangu mwanzo wa karne ya 20. Mjapani Ishiwata aliwakuta mwaka 1901 wakiua viwavi wa hariri, na Mjerumani Berliner akawapa jina miaka ya 1910, kwa kufuata jimbo la Thuringia. Kwa miaka mingi walijulikana kuwa wauaji wa viwavi wanaokula mimea. Sasa huyu wa Negev anaua mbu. Je, ni yule yule, au ni mwingine?

Hapo ndipo anapoingia mama niliyemkusudia leo, Bi. Huguette de Barjac, Mfaransa, mtaalamu wa viumbe wadogo katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris. Nawauliza ndugu wasikilizaji, nani kati yenu amewahi kulisikia jina hilo? Hata Ufaransa kwenyewe, ukisimama sokoni ukalitaja, watu watadhani unamtafuta mpangaji.

Kazi ya Bi. de Barjac ilikuwa kutambua. Mwaka 1962 yeye na mwenzake Bonnefoi walitoa utaratibu wa kuwapanga bakteria hawa kwa koo, na utaratibu wenyewe ukisimuliwa unaeleweka hata na mtoto wa darasa la saba. Bakteria hawa wana vijimkia vya kuogelea. Ukimdunga sungura vijimkia vya ukoo mmoja, damu yake hutengeneza kinga inayovitambua vile tu. Ukichukua maji ya damu ya sungura huyo ukayachanganya na bakteria usiowajua, wakiwa ni wa ukoo ule watashikana na kuganda mabonge mabonge. Wakiwa wa ukoo mwingine hakitatokea kitu. Kila ukoo ukapewa namba yenye herufi H mbele yake, ukoo wa kwanza H-1, wa pili H-2, na kuendelea. Mmoja wapo umepewa jina kenyae, kwa heshima ya jirani zetu.

Bakteria wa Negev walipofika Paris, Bi. de Barjac aliwapima kwa kinga za koo zote zilizokuwa zikijulikana. Hawakuganda kwa hata moja. Basi mwaka 1978 akaandika mbele ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kwamba huu ni ukoo mpya wenye sumu kali sana kwa mbu, akaupa jina israelensis na namba H-14. Ilikuwa makala ya kurasa nne tu. Si magazeti yaliyopiga kelele wala si redio iliyokatiza matangazo.

Sasa tazama wenzake walifanya nini. Kutoka nchi mbalimbali wataalamu wakawa wanapeleka vichupa vyao Paris ili mama huyu na wasaidizi wake wawaambie wamepata nini. Shirika la Afya Duniani likaifanya maabara hiyo ya Pasteur kuwa kituo chake cha ushirikiano kwa bakteria wanaoua wadudu. Viwanda vilipoanza kutengeneza dawa na kila kimoja kikisema yake ndiyo kali, ilibidi upatikane mzani mmoja wa kupimia ukali. Mzani huo ulitengenezwa Pasteur. Ni unga uliohifadhiwa, kwanza ule wa 1978 uitwao IPS-78, kisha IPS-82, ambao ukali wake umewekwa kuwa vipimo 15,000 kwa kila miligramu. Kiwanda kinachotaka kutamba na dawa yake kilipaswa kuipima kwa viluwiluwi sambamba na unga ule. Kama vile mwenye duka anavyotakiwa kuleta mizani yake ikaguliwe na watu wa vipimo, hata kama ana duka kubwa namna gani.

Hiyo ndiyo heshima ya kikazi. Hakuna aliyemchagua kwa kura. Watu walikuwa wanapanga foleni mlangoni kwake kwa sababu namba yake ilikuwa inaaminika, basi.

Na wala msidhani wenzake walikuwa wanamwitikia amina kwa kila jambo. Mfumo wake ulikuwa na upungufu, na waliusema wazi. Mkia wa bakteria unaeleza ukoo, lakini haulazimiki kueleza sumu aliyonayo. Ilionekana kwamba katika ukoo wa namba 8, uitwao morrisoni, mna bakteria kutoka Ufilipino anayeua mbu sawasawa na H-14, na mna mwingine aliyepatikana Ujerumani anayeua mbawakawa na wala hashughuliki na mbu. Namba moja, kazi mbili tofauti. Ndiyo maana mwaka 1989 wataalamu Höfte na Whiteley walileta utaratibu mwingine wa kupanga sumu zenyewe kwa kufuata vinasaba vyake. Utaratibu wa mama haukutupwa. Mwaka 1999 wenzake wa Pasteur waliuhesabu upya wakakuta umefika namba 69. Uliwekwa mahali pake, na ule mpya ukawekwa pembeni yake. Kusahihishwa na wenzako namna hiyo si kudharauliwa. Anayedharauliwa ni yule ambaye kazi yake hakuna hata mmoja anayejisumbua kuijaribu.

Nitasema kidogo jinsi dawa inavyofanya kazi, maana hata hapa Kibaha nimesikia watu wakiogopa kwamba maji yakimwagiwa yatadhuru ng'ombe. Bakteria huyu akikaribia kulala hutengeneza fuwele ndogo ya protini. Kiluwiluwi, ambaye kazi yake ni kula kila kinachopita, anaimeza. Tumbo la kiluwiluwi lina magadi, na magadi hayo huyeyusha fuwele na kuifanya kuwa sumu, ambayo hutoboa matundu katika kuta za utumbo. Hapati muda wa kuota mbawa. Tumbo letu sisi lina asidi, si magadi, na halina mahali sumu ile inapojishikiza. Jambo jingine ni kwamba H-14 hana sumu moja, anazo nne zinazosaidiana, kwa hiyo imekuwa vigumu kwa mbu kuizoea. Ndugu yake, Bacillus sphaericus, ambaye naye hutengenezwa Kibaha, ni hodari kwenye maji machafu kama ya vyoo vya shimo, lakini mbu wa nchi kadhaa wameshamzoea. Ndiyo sababu wenye hekima huwatumia wote wawili.

Na kazi imeonekana. Afrika ya Magharibi, katika mpango mkubwa wa kupambana na upofu wa mtoni, ule ugonjwa wa usubi ambao wenzetu wa Mahenge wanaujua, inzi wa mtoni walianza kuizoea dawa ya kemikali mwanzoni mwa miaka ya 1980. H-14 akamwagwa mitoni badala yake, miaka michache tu tangu Bi. de Barjac ampe namba. Na hapa nchini, Jiji la Dar es Salaam lilianza mwaka 2006 kumwaga dawa za bakteria hawa katika kata tatu, wakitumiwa vijana na akina mama wa mitaa yenyewe, na mwaka 2009 wataalamu wakatangaza kwamba maambukizo ya malaria katika kata hizo yalipungua. Wale waliokuwa wakipita wakimwaga dawa kule Buguruni hawakujua kwamba walikuwa wamebeba kazi ya mama wa Paris.

Sasa hebu tuangalie upande wa pili wa shilingi.

Mfaransa mwingine, Profesa Didier Raoult wa Marseille, nadhani huyu mnamjua. Haki yake apewe kwanza: hakuwa mganga wa kienyeji aliyevaa koti jeupe. Kwa miaka mingi alikuwa miongoni mwa mabingwa wa vijidudu duniani. Mwaka 2003 alikuwa katika kundi lililotangaza kirusi kikubwa ajabu, Mimivirus, na mwaka 2010 alipewa tuzo kubwa ya Inserm, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba ya Ufaransa. Upo hata ukoo wa bakteria uitwao Raoultella kwa jina lake, tangu 2001. Waliompa heshima hiyo, nisisahau kusema, walikuwa wenzake wa pale pale Marseille.

Ilipoingia korona mwaka 2020, Profesa Raoult alisema dawa ipo, nayo ni haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini ambayo sisi Watanzania tumeinywa tangu utoto, tukajikuna usiku kucha, mpaka serikali ilipoiacha kama tiba ya malaria mwaka 2001 kwa kuwa vimelea walikuwa wameizoea. Makala yake ilipokelewa na jarida Machi 16, ikakubaliwa siku iliyofuata, na tarehe 20 ilikuwa imeshatoka. Waliopewa dawa walikuwa wagonjwa 26. Katika hao, sita hawakuhesabiwa mwishoni: watatu walikuwa wamepelekwa chumba cha wagonjwa mahututi, mmoja amefariki, mmoja ameondoka hospitali na mmoja ameacha dawa kwa kichefuchefu. Wasikilizaji, ukiwatoa katika hesabu waliozidiwa na aliyekufa, dawa gani isiyoponya?

Wenzake waliliona hilo mapema na wakasema. Lakini nani aliwasikiliza? Rais wa Marekani aliisifu dawa hiyo. Rais wa Ufaransa, Macron, alimfuata Raoult Marseille mwezi Aprili. Huko Marseille mafundi walimtengenezea sanamu za udongo, zile ndogo zinazopangwa wakati wa Krismasi. Huku kwetu Pwani tunasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wagema wa Kibaha watanisamehe, maana nawasema mabingwa na si wao.

Juni mwaka ule ule Waingereza wakatoa matokeo ya uchunguzi wao uitwao RECOVERY, wenye wagonjwa zaidi ya 4,600 waliogawanywa kwa bahati nasibu. Dawa haikupunguza vifo. Raoult aliacha uongozi wa taasisi yake mwaka 2022, na mwezi Desemba 2024 jarida lililochapa makala ile likaifuta rasmi. Miaka minne na miezi tisa ilipita. Katika muda huo watu mataifa mengi walimeza dawa isiyowasaidia, na wagonjwa wa lupus, ambao kwao ni dawa ya lazima, walihangaika kuitafuta madukani.

Na tusiwacheke Wafaransa. Afrika ya Mashariki tuliwatangulia kwa miaka 30. Mwaka 1990, Rais Moi wa Kenya alitangaza Kemron, dawa ya UKIMWI iliyofanyiwa kazi katika taasisi ya KEMRI chini ya Dk. Davy Koech. Watu walifunga safari kuifuata. Uchunguzi wa nchi nyingine ulipofanywa, ukiwemo wa Shirika la Afya Duniani, haikuonekana faida iliyotangazwa. Tazameni mpangilio: kwanza ikulu, halafu ndipo wenzake. Bi. de Barjac alianzia kwa wenzake, na ikulu haikuwahi kumfikia kabisa.

Kuna msemo kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi msemo huu naupinga kidogo. Katika sayansi chema hakijiuzi hata kidogo. H-14 ametambuliwa tangu 1978, Dar es Salaam imeanza kumtumia 2006, Kibaha imejenga kiwanda 2015, na mwezi Juni 2017, hayati Rais Magufuli alipotembelea kiwanda hicho, ilibidi aagize halmashauri zote nchini zikanunue, kwa sababu dawa ilikuwepo na wanunuzi walikuwa haba. Nusu saa ya usemi wa Raoult mbele ya kamera iliuza vidonge kuliko miaka 40 ya ushahidi wa H-14.

Sisi wa magazeti na redio tuna sehemu yetu ya lawama hapo. Mtaalamu mwenye nywele ndefu na maneno makali anatuuzia nakala. Mama aliyekaa miaka na sungura wake na vichupa vyake hatuuzii hata moja. Lakini maswali ya kumuuliza mtaalamu hayahitaji shahada. Umewapima wagonjwa wangapi? Walioachwa nje ya hesabu ni akina nani, na kwa nini? Nani mwingine, asiye wa chumba chako, amerudia akapata hayo hayo? Mwuza samaki wa Mailimoja huulizwa maswali magumu kuliko haya kila asubuhi.

Nikirudi kwenye dawa yenyewe, ukweli mwingine lazima usemwe, nao pia umesemwa na wataalamu. Shirika la Afya Duniani linashauri umwagaji wa dawa hizi kama nyongeza ya chandarua na tiba, hasa mahali ambapo mazalia ni machache, hayahamihami na yanapatikana kwa urahisi. Miji yetu mingi inaingia hapo. Vijijini wakati wa mvua, ambako kila nyayo ni zalio, ni kazi ngumu mno. Tena dawa hii haikai majini muda mrefu. Ukimwaga leo ukasahau mwezi mzima, umemwaga fedha. Kwa hiyo halmashauri inayonunua mapipa ikayaweka stoo, au inayopiga picha siku ya uzinduzi kisha haina ratiba ya wiki inayofuata, haijaitumia kazi ya Bi. de Barjac. Hapa Mkuza ninachotaka kujua mimi ni ratiba: nani anapita, mtaa gani, siku gani, na asipopita tumwone nani. Kama diwani anasikiliza, naomba ibandikwe pale ofisi ya mtaa, kwenye ubao ule ule wanapobandika majina ya waliochangia ulinzi.